Jinsi ya Kuandika Maisha ya Rubani wa Jeshi Aliyekuwa Pia Baba wa Familia

Katika mazishi mengi ya wanajeshi wastaafu huku kwetu, kuanzia Kyela na Tukuyu hadi Mafinga na Iringa mjini, wasifu wa marehemu hauzidi ukurasa mmoja au miwili: alizaliwa lini, aliandikishwa jeshini lini, alipanda vyeo gani, alitunukiwa nishani zipi, ameacha mjane, watoto na wajukuu wangapi. Mara nyingi sehemu ya utumishi husomwa na ofisa aliyetumwa na jeshi, na sehemu ya familia husomwa na mtoto au mpwa. Waombolezaji husikia habari za ofisa, kisha husikia habari za baba, lakini hawasikii kwamba siku ofisa huyo alipokuwa akivusha askari kwa ndege usiku, mke wake alikuwa akimuuguza mtoto peke yake nyumbani.

Upungufu huo haumaanishi kwamba familia haikumpenda marehemu. Wasifu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, wakati mwili uko njiani kutoka Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, gari likipanda Kitonga, na nyumbani watu wanahangaika na maturubai, kuni na chakula cha wageni. Kazi ninayoieleza hapa inahitaji miezi kadhaa. Inaweza kufanywa mzee akiwa hai, na hivyo ndivyo ninavyoshauri. Inaweza kufanywa baada ya arobaini. Inaweza hata kufanywa miaka 20 baada ya kifo. Lakini mashahidi wanazeeka. Canada ilipoanza mwaka 1965 kusaidia kujenga kikosi cha anga cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania, baada ya Ujerumani Magharibi kujiondoa katika kazi hiyo, kijana wa miaka 20 aliyeingia wakati huo angefikisha miaka 80 mwaka 2025. Anayetaka kuongea na waliokula na kulala pamoja na baba yake asisubiri likizo ya Desemba.

Anza na kauntabuku

Nunua kauntabuku nene, na usianze kwa kuandika hadithi. Piga mistari ya kusimama upate safu tatu: mwaka na mwezi, kazini, nyumbani. Kila jambo unalolipata, liwe dogo namna gani, liingie kwenye safu yake na mbele yake uandike limetoka kwa nani au katika karatasi ipi. Kupandishwa cheo kuwa Kapteni kutakaa katikati, na kuzaliwa kwa mtoto wa pili kutakaa kulia kwenye mstari huohuo ikiwa yalitokea mwezi mmoja. Baada ya wiki chache utaanza kuona jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kukueleza: kwamba nyumba ya Tukuyu ilipauliwa mwaka aliporudi kutoka mafunzoni, au kwamba barua zilikatika kwa miezi kadhaa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1978. Kwangu mimi kauntabuku hii ndiyo moyo wa kazi yote, na mwandishi anayeiruka huishia kuandika wasifu ule ule wa ukurasa mmoja, ila kwa maneno mengi zaidi.

Karatasi za kujaza safu ya nyumbani zinajulikana: vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, cheti cha ndoa, hati za shamba, risiti za ada, barua zenye mihuri ya posta, na picha. Parokia na sharika nyingi za nyanda hizi hutunza vitabu vya ubatizo na ndoa kwa uangalifu mkubwa, na ukienda kwa adabu na tarehe ya kukisia, katibu atakutafutia. Safu ya kazini ni ngumu zaidi.

Kitabu cha saa za kuruka

Rubani yeyote huandika kila safari yake katika kitabu maalumu, na mara nyingi kitabu hicho hubaki naye anapostaafu. Kitafute kabatini, ndani ya sanduku la bati, chini ya sare. Kikipatikana, usikikunjue kwa nguvu na usikipitishe mkono kwa mkono msibani. Piga picha kila ukurasa kwa simu, kando ya dirisha, mchana, bila mwanga wa simu, kisha kifunge na ufanye kazi kwa kutumia picha hizo.

Mtu asiyekizoea huona namba tupu, lakini kila mstari ni siku moja ya maisha yake. Kwa kawaida utakuta tarehe, aina ya ndege, namba iliyoandikwa ubavuni mwa ndege, jina la rubani kiongozi na la msaidizi wake, mahali ilipotoka na ilipokwenda, muda, na neno moja au mawili ya kueleza kazi. Viwanja huandikwa kwa herufi nne: HTDA ni Dar es Salaam, HTDO ni Dodoma, HTMW ni Mwanza, HTSO ni Songea, HTIR ni Iringa, na HTMB ulikuwa uwanja wa zamani wa Mbeya. Herufi mbili za mwanzo hutaja nchi, kwa hiyo HT ni Tanzania, HK ni Kenya na HU ni Uganda. Ukikuta HUEN, huo ni Entebbe, na hapo uangalie tarehe mara mbili, kwani huenda ni safari ya wakati wa Vita vya Kagera.

Saa ndizo zinazowachanganya wengi. Marubani hutumia saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Mstari unaosema HTDA hadi HTDO, 0345 hadi 0510, maana yake ndege iliondoka Dar es Salaam saa 12:45 asubuhi kwa hesabu yetu ya Kiswahili na kutua Dodoma saa 2:10. Ukikuta muda wa safari umeandikwa 1.4, hiyo si saa moja na dakika nne. Ni saa moja na sehemu nne za kumi za saa, yaani dakika 24 au karibu yake. Baadhi ya marubani waliandika saa za hapa nyumbani, kwa hiyo linganisha na safu ya mchana na usiku kabla ya kuamua. Safari za usiku wengi waliziandika kwa wino mwekundu.

Tafuta mistari mitatu kwanza: siku aliyoruka peke yake kwa mara ya kwanza bila mwalimu, siku aliyoingia kwenye kila aina mpya ya ndege, na safari yake ya mwisho. Kisha tazama aina za ndege zenyewe, kwa sababu zinaeleza alikuwa rubani wa namna gani. Otter ilikuwa na injini moja na Caribou ilikuwa na injini mbili, zote za Canada, zote zimetengenezwa kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo. Rubani wake alikuwa mchukuzi wa askari, chakula, wagonjwa na barua. Aliyeruka na ndege za kivita zilizotoka China, zilizohusishwa na kituo cha Ngerengere mkoani Morogoro, alikuwa na maisha mengine: safari fupi, mazoezi mengi, na upweke wa kukaa mtu mmoja ndani ya ndege. Buffalo, iliyokuja baadaye, ilikuwa kubwa zaidi ya Caribou na kazi yake ilifanana nayo. Ikiwa alisomea China na vyeti vyake vimeandikwa Kichina, tafuta mtu anayesoma lugha hiyo. Usikisie maana kutokana na picha na mihuri.

Msomaji wa Mbeya au Njombe atafaidika pia ukimkumbusha jambo analoliishi bila kulifikiria: urefu wa nchi yetu kutoka usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko kwenye mita zipatazo 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo injini hupata nguvu pungufu na bawa hubeba uzito pungufu, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka, hasa jua likiwa kali. Uwanja wa zamani wa Mbeya ulikuwa ndani ya mji, milima ikiwa karibu. Mwana wa Rungwe au Mbeya aliyerudi kutua hapo akiwa rubani alijua vilima hivyo kwa miguu kabla hajavijua kwa ramani, na hilo linastahili sentensi mbili.

Kaa na watu

Karatasi zitakupa siku alizoruka, lakini namna alivyoruka utaipata kwa watu. Usiende kwa marubani wenzake peke yao. Mtu anayemjua rubani kuliko wote ni fundi wa ndege, yule aliyempokea chini, akaona kama ameshuka akicheka au akitetemeka, akasikia alivyoeleza hitilafu. Waulize mafundi, waongoza ndege, madereva wa magari ya mafuta. Maswali yawe madogo. Ukiuliza, «Alikuwa mtu wa namna gani?» utajibiwa kwamba alikuwa mtu wa watu, jibu ambalo hupewa kila marehemu. Ukiuliza, «Alianzia upande gani alipokuwa akiikagua ndege kabla ya kupanda?» mzee atasimama na kukuonyesha kwa mikono.

Swali hilo nalipenda kwa sababu lilinifungulia familia nzima. Rubani huizunguka ndege yake kabla ya kila safari, akianzia sehemu ileile kila mara, akigusa matairi, akitazama kama mafuta yanavuja, akipapasa ukingo wa bawa, akihakikisha vifuniko vimeondolewa. Fundi mmoja mstaafu aliniambia kwamba ofisa wake alimaliza mzunguko kwa kupiga ubavu wa ndege mara mbili kwa kiganja. Baadaye, huko Mafinga, binti wa ofisa huyohuyo alinisimulia kuhusu pikapu ya nyumbani, bila kujua nilichoelezwa na fundi: jinsi baba yake alivyoizunguka kila walipotaka kusafiri, watoto wakiwa wamekwisha kukaa nyuma na mabegi yao, akigusa tairi moja baada ya jingine, akainama kutazama chini, kisha akapiga bodi mara mbili ndipo akapanda. Watoto walidhani ni kawaida ya kila baba. Hapo ndipo rubani na baba wanapokutana, na ukipata mambo mawili au matatu ya namna hiyo, wasifu wako umepata uhai. Yatafute kwa makusudi: alivyokunja nguo, alivyotazama mawingu kabla ya kuruhusu mahindi yaanikwe, alivyokataa kulala mchana, alivyotaka kila mtoto aseme anakwenda wapi na atarudi saa ngapi.

Mjane apewe muda kuliko wote. Nenda kwake zaidi ya mara moja, asubuhi, wakati nyumba imetulia, na umwamkie inavyostahili kabla ya kutoa kalamu. Yeye ndiye aliyekuwa akisubiri. Muulize alijuaje kwamba mumewe amefika salama wakati simu haikuwepo nyumbani. Muulize nani alimletea habari, jirani gani alikaa naye, alilipa vipi ada mishahara ilipochelewa, siku aliporudi aliingia kwa mlango upi na mtoto gani alimkimbilia. Muulize pia, ukiona yuko tayari, kama mumewe aliwahi kusimulia habari za kazi, na kama hakusimulia, ukimya wake ulikuwaje. Akilia, funga daftari, kunywa chai aliyokupa, rudi wiki nyingine.

Kuna mambo ya heshima ambayo mwandishi wa nyanda hizi hapaswi kuyakanyaga. Katika mila ya Wanyakyusa, mke wa mtoto alitakiwa kumwepuka baba mkwe wake, na hata leo wapo wakwe wa kike ambao hawatapenda kutaja jina lake wala kusimulia habari zake mbele ya watu. Usimlazimishe, mwombe mumewe akusimulie kwa niaba yake. Kwa Wahehe, watani wao, wakiwemo Wangoni, husema msibani mambo ambayo ndugu hawawezi kuyasema, na humo ndimo utakaposikia kwamba marehemu alikuwa mbahili wa sukari au kwamba aliogopa nyoka. Yaandike siku hiyohiyo. Familia huyacheka na kuyasahau, na kumbe ni ushahidi mzuri kuliko risala nyingi.

Pima kila mwaka uliotajiwa

Kumbukumbu ya mtu mwaminifu huweza kuchanganya miaka, na kusahihisha si kumvunjia heshima. Mama akisema alipanda treni ya TAZARA kutoka Mbeya kumfuata mumewe Dar es Salaam mwaka 1971, basi ama mwaka si huo ama alisafiri kwa basi, kwa kuwa wakati huo reli ilikuwa bado inajengwa na ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Mjukuu akiandika kwamba babu alitua Songwe wakati wa ujana wake, kumbuka kwamba uwanja wa Songwe ulianza kutumika Desemba 2012. Usiandike kwamba alizaliwa katika Mkoa wa Songwe mwaka 1945, kwani mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016, na Njombe nayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Andika kijiji na wilaya ya leo, kisha eleza kwamba wakati ule ilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Aliyeingia jeshini kabla ya Septemba 1964 hakuingia JWTZ, kwa sababu jeshi hilo liliundwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huohuo.

Vyeo navyo viangaliwe. Maofisa wa anga wa Tanzania hutumia vyeo vilevile vya nchi kavu, kuanzia Luteni Usu, Luteni, Kapteni, Meja, hadi juu, kwa hiyo usiazime vyeo vya anga vya mataifa mengine ulivyoviona kwenye filamu. Nishani ziandikwe kwa majina yake kamili, kama Nishani ya Kagera au Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, kwa kutazama hati iliyoambatana nayo.

Ikiwa alihudumu katika Vita vya Kagera, familia itatamani sana kumweka katika kila tukio. Weka mpaka: vita hiyo ilianza kwa uvamizi wa majeshi ya Idi Amin mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa mwanzoni mwa Novemba, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Ndani ya tarehe hizo, sema yale tu ambayo kitabu chake, barua zake au mwenzake aliyekuwepo wanayathibitisha. Kubeba majeruhi na mikate kutoka Mwanza ni kazi ya vita kamili, na hakuna haja ya kumpa bomu ambalo hakulidondosha.

Ya kuachwa na ya kutofichwa

Ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na mambo ya operesheni, mpangilio wa vituo na silaha hayachapishwi kwa sababu tu mhusika amefariki. Ukiwa na shaka, iandikie Makao Makuu ya Jeshi au muulize ofisa aliyeratibu mazishi, kabla ya kuchapa. Ajali za ndege zina uvumi mwingi. Andika tarehe, mahali na waliopotea kama familia zao zimeridhia, na usiandike kisa cha ajali kwa kusikia.

Kwa upande wa nyumbani msimamo wangu ni mwingine. Watoto wote watajwe, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa, ikiwa wanajulikana na wanakubali kutajwa, kwa sababu mtoto asiyetajwa kwenye wasifu wa baba yake hulibeba jambo hilo maisha yake yote. Ikiwa aliporudi vitani alikuwa mkali, au alikunywa, au aliamka usiku akipiga kelele, liandikwe kwa maneno ya staha ambayo mjane ameyasikia na kuyakubali. Wajukuu wanaomwona shujaa asiye na jeraha hawataelewa kwa nini bibi yao alizima redio kila ngurumo zilipoanza Rungwe.

Kuandika na kutunza

Sasa fungua kauntabuku na uandike ukifuata miaka, safu zote mbili kwa pamoja, katika nafsi ya tatu, sentensi za kawaida. Andiko refu la familia linaweza kufika kurasa 30 au 40. Kutoka humo toa lile la kusomwa kaburini au kwenye ibada ya kumbukumbu, lisizidi dakika kumi, na ulisome kwa sauti mara mbili nyumbani huku mtu akiangalia saa. Lianze na mahali alipozaliwa na wazazi wake, kama desturi yetu inavyotaka, kisha uchague mambo machache ambamo kazi na nyumba vinagusana, na orodha ya vyeo uiache kwa ofisa wa jeshi. Ongea naye mapema ili tarehe zenu zisipingane mbele ya watu.

Picha na karatasi zina adui mkubwa huku, nao ni unyevu, hasa Rungwe na Busokelo ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ukungu huanza kwenye pembe za picha bila mtu kuona. Usizipeleke kupigwa plastiki ya moto, kwa kuwa haitoki tena. Zitoe kwenye albamu za kurasa za gundi kama zinatoka bila kuchanika. Zikigoma, zipige picha zilivyo. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli laini, pembeni, majina ya waliomo kuanzia kushoto, mahali na mwaka, na ufanye hivyo mjane na wenzake wakiwa wamekaa nawe mezani. Ziweke ndani ya bahasha za karatasi, kisha ndani ya sanduku lililo juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko, na ulifungue mwezi wa Juni au Julai, wakati wa baridi kavu, ili hewa ipite.

Nakala za andiko ziwe zaidi ya moja na zisikae nyumba moja. Mpe kila mtoto yake, weka moja parokiani au kwenye ofisi ya kanisa au msikiti alikosali, na uulize maktaba ya mkoa, Mbeya au Iringa, kama watapokea moja kwa ajili ya wasomaji. Familia nyingi huikumbuka kazi hii Siku ya Mashujaa inapofika, tarehe 25 Julai, na hiyo ni siku nzuri ya kuwakutanisha wajukuu na kuwasomea sehemu moja. Acha kurasa tupu mwishoni mwa kauntabuku, kwa maana kila mara unaposoma mbele ya watu, mzee mmoja atanyanyua mkono na kukuambia kwamba siku hiyo alikuwepo.